Uzi: Grafu ya vile vijiti viwili |x|, nimeifahamu pwani Shela na fimbo mkononi

BintiAmu

Assalaam aleikum nyote, na wengine habari zenu. Nna jambo nataka kulieleza kwa urefu kwa sababu najua tuko wengi lilotushinda, na mimi lilinishinda mwaka mzima. Ni hii hesabu ya vijiti viwili, wengine waita modulasi, ile yaandikwa |x|, halafu waambiwa chora grafu yake.

Shuleni nlikutana nayo form tri kwenye makosa ya vipimo, ile ya kupima kitu ukatoa kipimo chako kwa kipimo cha kweli, jibu likija na alama ya kutoa waambiwa itupe. Basi mimi hilo ndilo nlilobaki nalo kichwani, vijiti viwili maana yake ni tupa alama ya kutoa. Nikaenda nalo mpaka chuoni. Siku ya kwanza lekchara akaandika y = |x − 3| ubaoni, akachora V, akaendelea na jambo jengine, hakusema ile V imetoka wapi. Nilipokaa na asainmenti nikafanya nlichokijua, nikaona alama ya kutoa pale ndani nikaitupa, nikaandika x + 3. Grafu yangu ikawa mstari mmoja mrefu wapanda, mwenzangu ana V, na wote wawili twadai tumefuata sheria. Nikapata sifuri kwenye swali lile na karatasi ikarudi bila neno hata moja la kunieleza kosa liko wapi. Hilo liliniuma, kwa sababu nlikuwa tayari kujifunza.

Likizo nimerudi Amu, yaani Lamu. Jioni moja maji yamekupwa nimeenda Shela na mdogo wangu, ana miaka 11, na kichwani bado nna lile swali. Mchanga wa maji kukupwa ni mgumu, waandikika kama ubao. Nikachomeka fimbo, nikamwambia mdogo wangu asimame hatua 5 kutoka kwenye fimbo, kisha aje taratibu aipite aendelee mbele, na kila hatua aniambie yuko hatua ngapi kutoka kwenye fimbo. Nikawa naandika chini: 5, 4, 3, 2, 1, 0. Alipoipita fimbo akasita akaniuliza, dada, baada ya sifuri si hasi moja? Nikamuuliza, weye sasa hivi uko hatua ngapi kutoka kwenye fimbo? Akaitazama fimbo, akasema moja. Tukaendelea: 1, 2, 3.

Wallahi hapo ndipo nlipofahamu. Vijiti viwili havisemi tupa alama. Vyauliza umbali. |x| ni kusema uko mbali kiasi gani na sifuri, sikuulizi uko upande gani. Na umbali hauwi hasi, hakuna mtu aliye hatua hasi mbili kutoka kwenye mlango wa kwao.

Tukaokota makombe, tukapiga mstari mmoja mrefu mchangani, fimbo katikati, kila alama ya mguu tukaweka kombe kwa juu yake kwa kadri ya umbali: penye hatua 3 kombe juu shibiri 3, penye hatua 1 kombe juu shibiri 1, penye fimbo kombe liko kwenye mstari wenyewe. Tulipomaliza ikatoka V safi kabisa, mdogo wangu akaiona kabla yangu.

Halafu nikaing'oa fimbo nikaipeleka hatua 3 kulia nikaichomeka tena. Tukahesabu upya, V yote ikahama na fimbo. Sasa fikirieni: |x − 3| yauliza uko mbali kiasi gani na 3. Fimbo iko wapi? Iko kwenye 3, kulia. Ndio sababu alama ni ya kutoa lakini grafu yaenda kulia, jambo ambalo watu wengi wakariri tu kwamba "yaenda kinyume" bila kujua kwa nini. Na |x + 2|? Hiyo ni |x − (−2)|, fimbo iko kwenye −2, kushoto.

Nimeandika mengi, samahani, maswali karibuni.

KijanaMalindi

Waaleikum salaam dadangu, ahsante sana aisee, hii ya fimbo imeniingia. Mimi niko Malindi nafanya hesabu za kujiandaa na mtihani wa kuomba chuo cha nje na modulasi ziko nyingi humo. Sasa nauliza, hii hutumika kwa kitu gani cha kweli au ni ya kuchora tu?

BintiAmu

Chukua basi la kutoka Mokowe kwenda Mombasa, hilo lapita kwenu. Tufanye laenda kilomita 60 kwa saa bila kusimama na lafika Malindi baada ya masaa 4. Weye umekaa Malindi unamngoja mtu, wataka kujua basi liko mbali kiasi gani na weye. Mlinganyo ni d = 60|t − 4|. Likiondoka Mokowe t ni 0, liko kilomita 240. Baada ya saa moja 180. Baada ya masaa 4 ni 0, limefika. Kisha laondoka kwenda Mombasa, baada ya masaa 6 liko kilomita 120, na haziwi kilomita hasi 120 ati kwa sababu limeshakupita. Chora hiyo, saa kwenye mhimili wa chini, kilomita kwenye mhimili wa kusimama, utapata V yenye ncha kwenye 4.

Bila shaka basi la kweli lasimama njiani kwa ukaguzi, na likisimama grafu yalala, haishuki. Lakini umbo ni hilo.

KijanaMalindi

Subiri hiyo 60 nje ya vijiti yafanya nini sasa, kwa sababu kule kwa mdogo wako haikuwepo.

BintiAmu

Hiyo ndio mteremko wa mikono ya V. Mdogo wangu kila hatua umbali wabadilika kwa 1, basi kila saa umbali wabadilika kwa 60. Namba ikiwa kubwa V yabana, inakuwa nyembamba na kali. Ikiwa ndogo kama nusu, V yatanuka. Ikiwa hasi, V yapinduka, yatazama chini kama paa la makuti.

Jaribu hii: y = −2|x − 3| + 4. Ncha iko wapi? Kitu cha ndani kinakuwa sifuri kwenye x = 3, hapo y ni 4. Basi ncha ni (3, 4). Kutoka hapo kila ukienda hatua moja kulia au kushoto washuka 2. Kwenye x = 4 ni 2, kwenye x = 5 ni 0, upande wa pili x = 2 ni 2, x = 1 ni 0. Na x = 0 ni −2. Nukta sita hizo zatosha, huna haja ya jedwali la namba ishirini. Mimi sasa kila swali naanza na ncha, najiuliza ndani panakuwa sifuri wapi, baada ya hapo vyote vyajileta.

MamaMahamri

Salaam. Mwanangu yuko form foo ananiuliza haya maswali na mimi niliacha hesabu zamani ila nasoma hapa nimsaidie. Kuna kitu kwenye kitabu chake kimeandikwa |x| = −x ikiwa x ni chini ya sifuri. Sasa mnasema umbali hauwi hasi na kitabu kimeweka alama ya hasi. Nani mkweli hapo?

Mwl_Mstaafu

Mama, swali lako ni zuri sana, na katika miaka yangu ya kufundisha hilo ndilo lililowakwaza wanafunzi wangu kuliko jengine lolote, hata wale hodari.

Shida ni kwamba tukiona −x macho yetu yasoma "namba hasi". Sivyo. −x maana yake ni kinyume cha x. Ikiwa x yenyewe ni hasi 5, kinyume chake ni 5. Yaani −(−5) = 5. Kwa hivyo kitabu kiko sawa na binti wa Amu yuko sawa. Kitabu chasema: ukiwa upande wa kushoto wa sifuri, kupata umbali wako chukua namba uliyosimama juu yake uigeuze. Mwambie mwanao aweke namba yenyewe mahali pa x kila akichanganyikiwa, −5, −2, −9, ataona jibu lote ni chanya.

Na hapa niongeze kidogo. Neno modulasi asili yake ni Kilatini, mwanahesabu Argand ndiye aliyelitumia kwa maana hii, kwa Kifaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, na vile vijiti viwili vililetwa na mwanahesabu Mjerumani Weierstrass mwaka wa 1841. Wazo lenyewe la umbali ni kongwe lakini alama ni ya juzi tu, kwa hivyo asiwe na hofu nayo, ni maandishi ya watu waliotaka kufupisha sentensi.

MamaMahamri

Shikamoo mwalimu. Nimemwonyesha, kaandika −(−5) mara tatu kwenye daftari kisha kanyamaza, akasema "aaaa". Ahsante.

Mwl_Mstaafu

Marahaba mama. Mwambie na hili: √(x²) si x, ni |x|. Aweke −3. Mraba wake 9, kipeuo cha pili cha 9 ni 3, si −3. Wengi wanapoteza alama hapo.

FundiMatondoni

Mimi ni fundi wa vyombo huku Matondoni, hesabu nlisoma mpaka la nane. Naona mwasema V, na mimi nkiangalia jahazi kwa mbele naona V, mkuku, ule mti wa chini, katikati na mataruma, zile mbavu za chombo, yapanda huku na huku sawa sawa. Je, ni grafu hiyo hiyo?

BintiAmu

Ami, shikamoo. Pande mbili kuwa sawa hiyo ni kweli kabisa, ukipiga mstari wa katikati upande huu ni kivuli cha upande ule, na V yetu ni hivyo hivyo. Lakini taruma lina mbinuko, si mti ulonyooka. Ya vijiti viwili mikono yake imenyooka kama uzi ulovutwa, na chini pana kona kali. Nadhani ubavu wa chombo wakaribia zaidi ile ya x mraba, ambayo chini imeviringa.

FundiMatondoni

Marahaba mwanangu. Kweli, mataruma yana mbinuko. Sasa na hii je: mlango wataka sentimita 90, mwenye nyumba aniambia nkikosea isizidi nusu sentimita, kwa zaidi au kwa pungufu.

BintiAmu

Ami hiyo umeisema yote! |x − 90| si zaidi ya 0.5. Umbali wa mlango wako kutoka 90 usipite nusu. Kwa hivyo kuanzia 89.5 mpaka 90.5 uko salama. Kwenye grafu ni kuchora V yenye ncha kwenye 90, kisha kupiga mstari wa kulala kwa urefu wa 0.5, ile sehemu ya V iliyo chini ya mstari au inayougusa mstari wenyewe ndiyo milango inayokubalika.

@KijanaMalindi angalia hapo, maswali yote ya "tafuta x" ya modulasi yako ndani ya picha hiyo. |x − 3| = 2, mstari wa kulala kwenye 2 wakata V mara mbili, x = 1 na x = 5, ndio sababu majibu ni mawili. |x + 2| = −1, mstari uko chini ya ncha, haugusi kitu, hakuna jibu, usihangaike kuikokotoa.

KijanaMalindi

Nimefanya zoezi nimekosa moja, y = |2x − 6|. Mimi nimeweka ncha kwenye 6 kwa sababu ya ile sheria ya fimbo, jibu lao ni 3. Kwani fimbo si iko kwenye namba inayotolewa?

BintiAmu

Hilo kosa mimi nimelifanya sana, hapo fimbo yaficha. Umbali wa mtu ni x kutoa kitu, si 2x kutoa kitu. Toa 2 nje kwanza: |2x − 6| = 2|x − 3|. Sasa fimbo yaonekana, iko kwenye 3, na mikono mikali ya mteremko 2. Au rudi kwenye lile swali langu, ndani panakuwa sifuri wapi? 2x − 6 = 0, x ni 3. Hilo swali halinidanganyi kamwe, sheria ya fimbo yataka x iwe peke yake.

KijanaMalindi

Sawa sawa. Na ya mwisho, kuna y = |x² − 4| hii hata sina pa kuanzia

Mwl_Mstaafu

Hii niachieni mimi. Chora kwanza x² − 4 bila vijiti, bakuli linalokata mhimili wa chini kwenye −2 na 2, na chini kabisa linafika −4. Sasa chukua karatasi yako uikunje kwenye mhimili wa chini, ile sehemu iliyozama ije juu. Kilichokuwa −4 kimekuwa 4. Umepata kama herufi W, ncha kali mbili kwenye −2 na 2, na katikati nundu laini inayofika 4. Ile iliyokuwa juu ya mhimili tangu mwanzo usiiguse.

Na ukifika kwenye kutafuta mteremko kwa ile hesabu ya chuo, jua kwamba pale kwenye ncha kali hakuna. Kwa |x|, ukija kutoka kushoto mteremko ni −1, ukija kutoka kulia ni 1, na nukta moja haiwezi kuwa na miteremko miwili. Ukitaka kuhakiki mchoro wako kuna programu za GeoGebra na Desmos, waandika abs(x), yaani |x|, na inachora, lakini chora kwa mkono kwanza mwanangu.

MamaMahamri

Sasa na mimi nna swali langu si la mwanangu. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi hapa Malindi, nna wateja watatu wakubwa barabara moja iliyonyooka, kila mmoja lazima nimpelekee mwenyewe na kurudi kwenye meza. Wa kwanza yuko mwanzo wa barabara, wa pili hatua 200 kutoka hapo, wa tatu hatua 1000. Nataka kuhamisha meza, niiweke wapi nisichoke? Mimi nlifikiria katikati ya wote, kama 400 hivi, nimejumlisha nikagawa kwa tatu.

BintiAmu

Mama swali lako limenikosesha usingizi jana, nimelichora mpaka saa sita usiku, na nimefurahi nalo kuliko maswali yote ya chuo.

Weka meza kwenye x, tuhesabu kwa mamia ya hatua. Umbali wa wateja watatu ukijumlisha ni |x| + |x − 2| + |x − 10|. Yaani V tatu zimewekwa juu ya nyengine. Ukiweka meza kwa mteja wa kwanza, x = 0, wapata 0 + 2 + 10 = 12. Kwenye 4 ulikofikiria, 4 + 2 + 6 = 12, yaani hujapata faida yoyote. Kwa mteja wa pili, x = 2, ni 2 + 0 + 8 = 10. Kwa wa tatu ni 10 + 8 + 0 = 18.

Grafu yake haina ncha moja tena, yavunjika mara tatu, kila penye nyumba ya mteja. Kati ya wa kwanza na wa pili yashuka, kwa sababu kila hatua mbele yakukaribisha kwa wawili na kukuweka mbali na mmoja. Ukimpita wa pili yageuka, sasa wamkaribia mmoja tu na wawili wawaacha nyuma, grafu yapanda. Kwa hivyo pahala pazuri ni kwa yule wa katikati kwa mpangilio, hatua 200, hata kama wa tatu angehamia hatua 5000 jibu lingebaki pale pale. Wapunguza hatua 200 kila raundi, ukihesabu na kurudi ni 400.

KijanaMalindi

Sikuamini nikachora mwenyewe kwenye karatasi ya grafu, kweli yavunjika kwenye 0, 2 na 10 na chini kabisa ni 10. Miteremko nimepata −3, −1, 1, 3.

Mwl_Mstaafu

Vizuri sana, hiyo miteremko ndiyo hesabu yenyewe. Mama, kama kuna mteja anayeagiza mara mbili kwa asubuhi, mhesabu kama watu wawili.

MamaMahamri

Kila mmoja mara moja tu. Lakini kuna wa nne ameanza wiki hii, ana duka hatua 600.

KijanaMalindi

Niachieni hii! 0, 2, 6, 10. Kwenye 2 ni 2 + 0 + 4 + 8 = 14. Kwenye 6 ni 6 + 4 + 0 + 4 = 14. Kwenye 4 ni 4 + 2 + 2 + 6 = 14. Zote sawa! Grafu kati ya 2 na 6 imelala kabisa, kwa sababu wawili wako nyuma na wawili mbele, unachopunguza huku waongeza kule. Mama weka popote kati ya 200 na 600.

MamaMahamri

Popote kweli?

BintiAmu

Popote mama.

MamaMahamri

Basi kuna mwarobaini kwenye hatua kama 350, una kivuli mpaka saa nne. Kesho nahamisha meza.